Askari anayehamishiwa Zanzibar apimwe kwanza sheria za Zanzibar?

Naileta hoja hii, mwenye kupinga apinge.

Jeshi la Polisi ni la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Sheria za jinai si za Muungano. Bara wana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Sisi tuna Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na mwenendo wa makosa ya jinai una sheria yake, Namba 7 ya mwaka huo huo. Kwa hivyo askari anaweza kusomea Moshi, akafanya kazi Mbeya, kisha akaletwa Wete akaanza kukamata watu kwa sheria aliyoiacha ng'ambo.

Na wa hapa hapa nao hawajasalimika. Sheria hizo mbili zimefuta za 2004, ambazo nazo zilikuwa Namba 6 na Namba 7! Aliyekariri namba bila ya mwaka atakujibu vizuri na bado kakosea.

Nimeshuhudia kijana wa bodaboda akiuliza, kwa adabu tu, "Afande, kosa langu lipi?" Akajibiwa, "Utalijua kituoni." Kuelezwa sababu ya kukamatwa si hisani. Pengine afande alikuwa nayo sababu nzuri, lakini mimi nahisi hakuweza kuitaja.

Wengi barazani husema polisi si wakili, jalada likifika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka litachujwa. Sawa, ila mpaka lichujwe mtu keshalala ndani, hesabu ya tajiri imeruka na mtaa mzima ushamwita mwizi. Raia akisema hakuijua sheria, mahkama haimsikilizi. Vipi anayemkamata asamehewe?

Sisemi askari ahifadhi vitabu vyote. Ajue ukamataji, upekuzi, dhamana, mambo ya watoto (hapa ni Sheria Namba 6 ya 2011, si ile ya Bara ya 2009) na makosa anayokutana nayo kila siku. Apewe wiki mbili za darasa, afanye mtihani. Akifeli akae kazi za ofisini mpaka afaulu.

Kuna atakayesema askari wenyewe wachache, tukiwaweka darasani Pemba barabarani nani atabaki? Hiyo kwa kweli inanipa taabu. Mnasemaje, hasa nyinyi mliowahi kuvaa magwanda: mlipohamishwa mlipewa hata nakala ya sheria?