Goti la kobalti: mgonjwa apimwe aleji kwanza?

Mkunazi: Wadau, shangazi yangu anabadilishiwa goti mwezi ujao. Akivaa hereni za bei rahisi masikio yanavimba, yanatoa maji. Sasa kaambiwa goti lenyewe ni kobalti na kromiamu, na nikeli imo kidogo. Je, hospitali zilazimike kumpima kila mtu aleji ya metali kabla ya upasuaji, au ni gharama za bure?

Fundi Msumeno: Zilazimike! Mmesahau nyonga bandia za ASR za kampuni ya DePuy? 2010 zilirudishwa dunia nzima kwa sababu ya aleji.

Nesi wa Zamu: Si aleji. Zile zilikuwa chuma kwa chuma, zikasagana, kobalti ikaingia kwenye damu na nyama za pembeni zikaharibika. Goti la kawaida lina plastiki katikati. Na vile vibandiko vya kupimia aleji mgongoni, unakaa navyo siku mbili, vinaonyesha ngozi inakataa nini. Goti litafanyaje, havisemi. Wengi wenye mzio wa nikeli wanatembea na magoti hayo bila shida. Ila wanawake na hereni za Kariakoo, mnazitafuta wenyewe halafu mnalia.

Mama Tunu: Wanawake? Mume wangu bizimu la mkanda limemchubua chini ya kitovu, na ana ndevu hadi kifuani.

Fundi Msumeno: Mnunulie la dhahabu 😂

Mama Tunu: Ipi? Dhahabu nyeupe nyingine ina nikeli humo humo. Nauza vito, usinifundishe.

Mkunazi: Jamani, goti.

Nesi wa Zamu: Amwambie daktari wa mifupa mapema, asingoje asubuhi ya upasuaji. Yapo ya titani na ya zirkoniamu, ila bei imechangamka. Na likivimba baadaye, watafute kwanza maambukizi na kulegea.

Fundi Msumeno: Mama mdogo walimtafutia hayo yote, hakuna kitu. Goti linawaka usiku, anaambiwa "mawazo". Ndivyo mlivyo.

Nesi wa Zamu: Mimi nimesema mawazo wapi? Ninukuu.

Mama Tunu: Hujasema. Kwa ile kauli ya hereni, ungefika tu.

Kisiki: Mama Tunu, hereni za titani unazo?

Mama Tunu: Zipo. Njoo inboksi.