Kipande cha MH370 kilichookotwa Pemba: kinatuambia nini, na sisi tunazua nini?

MkaziWaSahare aliuliza:

Assalaam alaikum, ndugu zangu wa mwambao.

Barazani kwetu hapa Sahare, Tanga, baada ya sala ya isha, mazungumzo ya MH370, ile ndege ya abiria ya Malaysia, hayajakatika tangu ilipopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, na kila mwaka ukiingia hadithi yake inaongezeka. Wapo wanaoshikilia kwamba ilitekwa ikashushwa kwenye kambi ya jeshi la Marekani kisiwani Diego Garcia, wapo wanaosema imefichwa Asia ya Kati, na juzi kijana mmoja alituonyesha kwenye simu picha ya ndege iliyolala juu ya mchanga chini ya maji, akaapa kuwa ndiyo yenyewe, mpaka mzee mmoja alipovaa miwani yake na kumwonyesha kwamba rangi za mkiani si za shirika lile.

Mimi nauliza jambo moja tu. Mwezi Juni 2016 kiliokotwa kipande kikubwa cha bawa kisiwani Pemba, ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kila asubuhi, na Septemba ya mwaka huohuo wachunguzi wa Australia wakatangaza kuwa ni cha ndege hiyo. Barazani wengi hawakubali. Wanasema kwamba ikiwa ndege ilianguka kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, upande wa Australia, haiwezekani kipande kivuke bahari nzima mpaka Pemba. Tena wanauliza ni nani aliyekitambua, na kwa alama gani. Nawaomba wanaoijua bahari na wanaozijua ndege wanisaidie, kwa sababu nimechoka kubishana juu ya jambo ambalo mwenyewe sijalishika sawasawa.

NahodhaWaMwambani alijibu:

Waalaikum salaam. Nimepitisha miaka thelathini na miwili nikisafirisha mizigo kwa jahazi baina ya Tanga, Pemba, Unguja na Mtwara, kwa hiyo la bahari nitalijibu, na la alama nawaachia wenye fani yao.

Kitu kinachoelea magharibi ya Australia hakikai pale kilipo. Maji ya upande ule hupanda kaskazini, kisha hushikwa na mkondo mkubwa unaokwenda magharibi kusini ya ikweta, mwaka mzima, ukisukumwa na pepo zisizobadilika. Mkondo huo huja ukapiga Madagascar, na tawi lake la kaskazini hupita ncha ya kisiwa hicho likafika kwenye mpaka wetu na Msumbiji, ambako hugawanyika: maji mengine hushuka kusini kwenye mlango wa Msumbiji, na mengine hupanda pwani yetu kupita Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba na hapa Tanga. Nahodha yeyote aliyerudi kutoka Mtwara wakati wa kusi anajua jinsi maji hayo yanavyokubeba hata tanga likiwa halijajaa vizuri. Sasa tazameni mahali vipande vilipookotwa: kisiwa cha Réunion mwezi Julai 2015, kisha Msumbiji, Afrika Kusini, Mauritius, Madagascar na Pemba. Hiyo ndiyo njia ya mkondo, na kipande cha Pemba kilionekana mwezi Juni, kusi ikiwa imeshika.

Hesabu nayo inakubali. Kutoka eneo linalodhaniwa mpaka Pemba ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na tangu ndege ipotee mpaka kipande kionekane zilipita siku zaidi ya 800. Ni kama kilomita saba au nane kwa siku, mwendo ambao mtu mzima huutembea kwa miguu kabla ya adhuhuri. Hata tukizidisha mara mbili kwa ajili ya mizunguko, hakuna cha kushangaza. Mimi mwenyewe niliokota ufukwe wa Mwambani chupa ya plastiki yenye maandishi ya Kiindonesia, na shingoni mwake walikuwa wamejishika wale wadudu wa magamba tunaowakwangua chini ya chombo kila kinapopandishwa pwani. Kipande cha Réunion kilikuwa nao pia, wamekizunguka ukingo mzima.

Niongeze tahadhari moja. Bahari haibebi vitu kwa mstari, na vipande viwili vilivyoanguka pamoja vinaweza kuachana maelfu ya kilomita. Wataalamu wa CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, walichukua flaperoni halisi ya ndege ya aina hiyo, yaani bapa linalochezacheza nyuma ya bawa, wakaikata ifanane na kile kipande cha Réunion, wakaitia baharini ili waone upepo unavyoisukuma, na hesabu zao zilielekeza karibu na latitudo 35 Kusini. Huo ni mwelekeo wa kutafutia. Anayewaambia kwamba anaijua nukta yenyewe kwa kutazama kipande cha Pemba amevuka mpaka wa elimu.

FundiWaMabawa alijibu:

Nahodha amesema vizuri. Nilifanya kazi ya ufundi wa ndege kabla ya kurudi nyumbani Tanga, na hili la alama ndilo ambalo watu hulipita haraka ilhali lina uzito kuliko yote.

Kilichookotwa Pemba ni flapu ya nje ya bawa la kulia, yaani lile bapa la nyuma ya bawa ambalo rubani hulishusha ndege inapopaa na inapotua. Ndani yake wachunguzi walikuta mihuri ya namba, na mmojawapo una tarehe 23 Januari 2002. Walizipeleka namba hizo kwa kiwanda cha Italia kilichoitengeneza flapu, nacho kikafungua kumbukumbu zake na kuthibitisha kwamba zote ni za flapu moja iliyopelekwa Boeing kwa ajili ya ndege ya 404 katika mfululizo wa ndege za 777. Ndege hiyo ya 404 ilikabidhiwa kwa Malaysia Airlines mwezi Mei 2002 na kusajiliwa 9M-MRO, nayo ndiyo iliyopotea. Kwa hiyo hakikutambuliwa kwa kufanana. Kilitambuliwa kama mtu anavyotambuliwa kwa alama za vidole.

Kuna jambo jingine ambalo barazani nadhani halijafika. Walipoifungua flapu hiyo walikuta ndani yake alama za kugongana na sehemu iliyopakana nayo, na mahali zilipo alama hizo panaonyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, flapu ilikuwa imekunjwa ilipong'oka. Rubani anayekusudia kuiteremsha ndege juu ya maji ili watu wapone huzishusha flapu ili apunguze mwendo. Kukunjwa kwake hakutuambii ni nani aliyekuwa usukani, wala kama alikuwapo mtu, lakini kunaiondolea nguvu ile hadithi ya ndege iliyotua taratibu juu ya maji na kuzama ikiwa nzima.

MzawaWaNgamiani alijibu:

Nawaheshimu wote mliosema, lakini sijaridhika. Katika dunia hii ambayo simu yangu inajulikana ilipo, ndege ya urefu wa mita zaidi ya 60 inapoteaje? Rada za jeshi la Malaysia ziliiona ikigeuka, na hakuna aliyerusha hata ndege moja kuifuata. Rubani alikuwa na kifaa cha kuigizia urushaji nyumbani kwake, na ndani yake ilikutwa njia inayoelekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Na hicho kipande, nani anatuhakikishia kwamba hakikupandikizwa ili watu waache kuuliza? Sisemi kwamba ninajua ilipo. Nasema tunafichwa jambo.

MwalimuWaFizikia alijibu:

Kaka yangu wa Ngamiani, sehemu ya malalamiko yako ni ya haki, na nitaanza nayo. Saa 7:19 usiku sauti ya mwisho ilimtakia mwongoza ndege usiku mwema. Dakika mbili baadaye ndege ilitoweka kwenye rada za kiraia, ikageuka, ikakatiza rasi ya Malaysia, na rada ya jeshi ikaiona kwa mara ya mwisho saa 8:22. Hata hivyo kwa siku kadhaa meli ziliendelea kutafuta Bahari ya Kusini ya China, mpaka tarehe 15 Machi waziri mkuu Najib Razak alipotangaza kwamba ndege iligeuzwa. Wiki hiyo moja ndiyo iliyozaa nusu ya hadithi mnazozisikia barazani. Watu waliokaa wiki nzima bila kuambiwa ukweli hawawezi kulaumiwa kwa kutouamini ulipokuja.

Lakini tuzitazame dhana zenyewe. Ili kipande kipandikizwe Pemba, lazima aliyekipandikiza awe nacho kile chenye namba za 9M-MRO, yaani awe na ndege hiyo, aing'oe bawa, aliache majini muda mrefu, kisha alitupe pale hasa ambapo mkondo ungelipeleka. Tukikubali hivyo, tumeongeza fumbo juu ya fumbo.

Kuhusu Diego Garcia, jibu limo katika satelaiti. Baada ya mawasiliano kukatika, chombo kimoja ndani ya ndege kiliendelea kuitikia satelaiti ya Inmarsat, takriban kila saa moja, mpaka saa 2:19 asubuhi, zaidi ya saa saba na nusu tangu ndege ipae, muda ambao mafuta yake yalikuwa yakiishia. Satelaiti haikuambiwa ndege iko wapi. Ilichoandika ni muda ambao wimbi la redio lilitumia kwenda na kurudi, na kwa kuwa mwendo wa wimbi unajulikana, muda huo hutoa umbali, na umbali huo ukichorwa juu ya dunia hutoa duara. Yapo maduara saba. Satelaiti ilikuwa juu ya ikweta, longitudo 64.5 Mashariki, na Diego Garcia iko karibu chini yake, kwa hiyo ndege kama ingekuwa kule umbali ungekuwa mfupi sana kuliko ulioandikwa. Kisha masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hubadilika ndege inaposogea au kujitenga, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti likikupita, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyoonyesha kusini badala ya kaskazini. Kwa hiyo Asia ya Kati nayo imetoka.

Unauliza ndege inapoteaje. Ndege ya Air France namba 447 ilianguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009, njia yake ikijulikana na mabaki yakielea ndani ya siku chache, na bado mwili wake ulipatikana Aprili 2011, karibu kilomita nne chini. Hii ya Malaysia ilitafutwa kwenye kilomita za mraba 120,000 mpaka Januari 2017, kampuni ya Ocean Infinity ikapekua zaidi ya 112,000 mwaka 2018, na mwezi Machi 2025 Malaysia ikatiliana nayo mkataba mwingine wa kilomita za mraba 15,000, kwa masharti kwamba isipoiona hailipwi.

Kuhusu rubani, nakuomba tuwe na hofu ya Mungu. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 haikuona dalili ya mabadiliko katika mwenendo wake, haikukataa kwamba mtu mwingine aliingilia, na ilisema wazi kwamba chanzo hakikuweza kujulikana. Marehemu ana watoto.

BintiWaMoa alijibu:

Nimesoma yote. Sina elimu ya ndege, lakini neno la mwalimu juu ya watoto limenigusa.

Baba yangu mdogo alitoka Moa na ngalawa usiku wa maji mafu, mimi nikiwa darasa la tano, na hakurudi. Siku ya tisa kasia lake lilionekana ufukweni, upande wa Kenya. Baba alilitambua kwa mkato aliouchonga mwenyewe kwenye mpini, mahali pa kidole gumba, baada ya kuumia mkono. Alipolileta nyumbani alilisimamisha nyuma ya mlango, na bibi hakutaka liguswe. Lakini mtaani hawakulikubali kasia. Mmoja alimwona Mombasa, mwingine Lamu ana mke mwingine, mwingine akasema alikimbia deni. Kila habari ilipokuja bibi alimtuma baba afunge safari, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka sahani ya pili wakati wa kufuturu. Waliokuwa wakisema hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakizungumza tu, jioni, wakinywa kahawa.

Naona familia za watu 239 zimekuwa katika hali hiyo tangu 2014, na mtaa wao ni dunia nzima.

MkaziWaSahare alijibu:

Mwalimu, fundi, mzee wangu nahodha, nawashukuru. Binti wa Moa, poleni sana, nami nitalipeleka neno lako barazani kabla ya hesabu zozote. Nina swali moja la mwisho kwa nahodha: je, inawezekana vipande vingine bado vinafika, na mvuvi wa kwetu akikiona afanye nini?

NahodhaWaMwambani alijibu:

Yawezekana, mwanangu, au pengine vilishafika zamani vikafunikwa na mchanga na mikoko. Waambie vijana wa chuma chakavu wanaopita ufukweni kwamba kipande cha bawa si kizito kama kinavyodhaniwa, na kikivunjika ndani huonyesha vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Wasikikate wala wasikikwangue, kwa sababu hata wale wadudu wa magamba huchunguzwa umri wao. Wakipige picha pale pale kilipo, waandike siku na saa ya maji, kisha wakipeleke polisi, nao watawajulisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na kama kuna namba ndani, hata nusu ya namba, waipige picha mara mbili.