Fundi stima amenichomea mota nne za pointi, na sasa simu hapokei

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mniwie radhi, leo siwezi kuanza polepole. Nimekaa na jambo hili siku tisa, mke wangu amechoka kunisikia, basi nanyi nisikieni.

Wale tunaojuana humu mwajua kuwa tangu mwaka jana naijenga stesheni ya Voi kwa reli ndogo ya mfano. Ubao wa plaiwudi futi nane kwa nne, chumba cha nyuma, hapa Tudor, Mombasa. Njia kuu, njia mbili za kupishania, tawi la Taveta lile walilolijenga Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwisho wa ubao kitanzi cha kugeuzia treni. Pointi sita, yaani pale reli inapogawanyika treni ibadilishe njia. Babu yangu alikuwa pointimani pale Voi, akilaza pointi kwa mkono huku ile mijitu ya injini za mvuke za Garratt inashuka kuja Mombasa, kwa hivyo msiniulize kwa nini nimechagua Voi. (Na yule mjuzi wetu wa vipimo asijisumbue kunambia kuwa reli ya upana wa milimita 16.5 kwa kipimo cha 1 kwa 76 ni sawa na reli halisi ya upana wa milimita 1,254, yaani si reli ya mita moja ya zamani wala si SGR. Najua. Naishi nalo.)

Reli nimelaza mwenyewe. Kokoto nimechekecha mwenyewe. Kazi moja tu imenishinda, nyaya. Macho yamepungua, na mkono unatetemeka nikishika chuma cha kulehemia. Nikasema nitafute fundi stima.

Simtaji jina, sitaki kesi na mtoto wa watu. Alikuja na mkoba wake, akautazama ubao, akacheka. "Mzee, si hii ni toi? Mimi nimetia stima nyumba za ghorofa nne huko Nyali." Nikampa karatasi mbili nilizozichora wiki nzima, kila waya na rangi yake, nyekundu na nyeusi, kila mahali pa kukata pametiwa alama. Akazikunja, akazitia mfuko wa nyuma. Nikampa shilingi 6,000 kati ya 9,000 tulizopatana, nikamuacha afanye kazi. Hizo karatasi nilizikuta baadaye chini ya ubao, zina alama mbili za duara za kikombe cha chai.

Siku tatu akanambia tayari. Nikawasha. Injini ikatoka stesheni vizuri, nikamsifu mbele ya wajukuu. Nikailaza pointi ya kwanza kwenda njia ya kupishania. Tii! Kontrola, kile kifaa kinachoipa treni stima, ikakata, taa nyekundu. Nikairudisha pointi, treni ikatembea. Nikailaza tena, ikakata. "Treni yako ni mbovu, mzee." Treni yangu ni mbovu! Injini mpya, shemeji kanibebea kutoka Uingereza kwenye mkoba wa mkononi.

Sasa nieleze, maana najua kuna vijana humu wataanza kazi hii na wataangukia shimo lilo hilo. Pale ndani ya pointi, reli mbili za ndani zinapokutana kama ncha ya mshale, wenyewe wanapaita chura. Kwenye pointi zangu chura ni chuma kitupu chenye stima. Pointi ikilala upande mmoja chura anakuwa chanya, ikilala upande wa pili anakuwa hasi. Ndivyo inavyotakiwa, injini ndogo isizimike ikipita hapo. Lakini kwa sababu chura anabadilika, zile reli mbili zinazotoka mgongoni mwake lazima zitiwe viungio vya plastiki visivyopitisha stima, ndipo njia ya mbele ilishwe stima kwa waya wake. Fundi wangu alizilisha njia za mbele sawasawa, halafu akatia viungio vya chuma kila mahali. Pointi ikigeuka, chanya na hasi zinakumbatiana. Shoti. Pointi sita, shoti sita. Na vile viungio vya plastiki nilimwekea kwenye bakuli juu ya meza! Akanambia alidhani ni vya kumfunga mtoto bangili, na hadi leo sivioni.

Kitanzi ndicho kilichonidhihirishia kuwa hajui hata asichokijua. Nyumba ukikosea upande wa waya, taa inawaka tu, hakuna anayejua. Reli haina huruma hiyo. Treni ikiingia kitanzi na kuzunguka, reli iliyokuwa ya kulia inarudi kukutana na ile ya kushoto. Fuata kwa kidole utaona. Hapo huna budi kukata reli zote mbili, mlangoni na mlango wa kutokea, na kulisha kitanzi kwa swichi ya kugeuza ambayo nyaya zake zimepishana kwa nyuma. Yeye alipoona kontrola inakata hata pointi isipoguswa, aling'oa kipande cha reli katikati ya kitanzi akakitia mfukoni. Nikamuuliza treni itapitaje. Akanyamaza.

Hayo yote ningeyameza. Reli inakatwa, kiungio kinabadilishwa. Mota ndizo zilizoniumiza.

Mota za pointi zangu ni zile za koili mbili. Zinataka pigo moja fupi la stima, chini ya sekunde, chuma kinaruka upande wa pili na basi. Koili ile ni nyembamba, ukiipa stima mfululizo inageuka kuwa jiko. Ndiyo maana hufungwa kibonyezo kinachojirudisha chenyewe, na mwenye busara huongeza kile kifaa cha kapasita kinachojikusanyia stima na kuitoa kwa mkupuo mmoja, hata kidole kikisahaulika kwenye kibonyezo mota haiungui. Kapasita niliinunua. Ningeridhika hata na vibonyezo vya kengele ya mlango. Jamaa alifunga swichi za taa za ukutani! Zile za kuwasha na kuacha. Kapasita akaiacha ndani ya boksi lake, sili haijakatwa. Nilibonyeza nne moja baada ya nyingine nikishangilia kuona pointi zinalala, halafu nikaingia msikitini kuswali alasiri. Niliporudi nyumba nzima inanuka plastiki iliyoungua. Mota nne zimeyeyuka, ubao una alama nyeusi chini ya stesheni, na mjukuu wangu ananambia, "Babu, Voi inatoa moshi."

Na wallahi afadhali moshi kuliko nilichokikuta nilipojilaza chini ya ubao na tochi. Transfoma imefungwa kwa msumari, kifuniko hakipo, ncha za volti 240 ziko wazi, usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka mitano anayetambaa kutafuta gari lake. Hapo miguu iliniisha nguvu. Nilichomoa plagi, nikakaa sakafuni.

Mengineyo nayapitia haraka maana nikiyasimulia yote tutakesha. Nyaya zote ni nyeupe, amechuna kebo ya zamani. Sasa niambieni ipi ni ipi. Nyembamba mno pia, treni ikifika upande wa Taveta inakuwa kama imefunga Ramadhani. Mimi niliandika waya mnene wa milimita 1.5 upite chini ya ubao wote na kila kipande cha reli kiteremshiwe waya wake, kwa sababu viungio vya chuma havitegemewi kupitisha stima hapa pwani, hewa ya chumvi inavila. Na pale alipolehemu, hakutumia lehemu ya kazi za stima. Alitumia asidi ya mafundi wa makoroboi. Siku tisa tu, reli zimeota kijani kama birika la shaba. Zinaitwa reli za fedha ya nikeli, lakini fedha haimo hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli, na shaba haivumilii asidi.

Nikampigia simu. Mara ya kwanza: "Mzee, hiyo kazi ilikuwa sawa, wewe ndiye uliyebonyeza." Mara ya pili akanidai shilingi 3,000 zilizobaki. Mara ya tatu akaahidi kuja Ijumaa baada ya swala. Ijumaa imepita. Sasa hapokei.

Angenambia tangu mwanzo, "Mzee, sijawahi kufunga reli, nifundishe," ningekaa naye, ningemchemshia chai, tungefunga pamoja kwa wiki mbili na ningemlipa zote 9,000. Kutojua si aibu, mimi mwenyewe sikuzaliwa na chura mdomoni. Lakini kucheka kazi ya mtu, kukalia michoro yake, halafu kumdai!

NYONGEZA, usiku: Kwa mliouliza, hapana, sitampeleka kwa chifu. Na kwa ndugu aliyeandika kuwa "mzee umezidi, ni treni za watoto", njoo Tudor ulale chini ya ubao ushike zile ncha, kisha tuzungumze.

Mpwa wangu anayesomea umeme chuoni amekubali kuja Jumamosi, na la kwanza alilouliza ni kama nina mchoro. Nimeuchora upya. Transfoma nimeshaitoa, itakaa ndani ya boksi lake juu ya rafu. Mota mpya zitangoja msafiri wa kuzileta. Kwa sasa nitalaza pointi kwa mkono kama babu. Ninachohitaji ni viungio vya plastiki vya reli ya milimita 16.5, kumi na nne: viwili kwa kila pointi na viwili vya ziada vya mlango wa kitanzi. Mwenye navyo Mombasa, Mtwapa au Likoni aniandikie, nitavifuata mwenyewe.