Kamba cheri wanakufa wakati wa kujivua gamba, maji ya Arusha. Shida ni nini?

Tangi_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaofuga kamba wa mapambo. Tangi ni la lita 60, filta ya sponji, mosi (majani ya moss) na gogo, na lilikaa miezi miwili kabla sijaweka kamba. Ni cheri nyekundu tu, hakuna samaki. Wakubwa wanakufa mmoja mmoja, na karibu wote wana mstari mweupe unaozunguka mwili pale gamba la kichwa linapokutana na tumbo. Wadogo hawana neno.

Vipimo vya matone: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 10, pH 8.4, KH (bikaboneti) 11, GH (kalsiamu na magnesiamu) 3. Joto nyuzi 21. TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) 310. Maji ni ya bomba, yanalala siku nzima kwenye ndoo. Maganda ya mayai yamo, sioni tofauti. Muuzaji anasema maji ni magumu mno, niyachemshe. Ni kweli?

Fundi_MajiBaridi

Usiyachemshe, dada. Ukichemsha, kalsiamu kidogo iliyomo inaganda chini ya sufuria na GH inashuka zaidi. Na floridi ya maji ya huku haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua inazidi kukolea.

Vipimo vyako vinaonyesha shida yenyewe. KH ni 11 lakini GH ni 3. Miamba ya volkano ya Meru inayapa maji bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, yaani magadi, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa haba. Ndiyo maana pH iko juu na TDS inasoma 310, halafu kamba hana cha kujengea gamba. Kipimo cha TDS hakijui kutofautisha sodiamu na kalsiamu, kwa hiyo kwa maji ya huku usikitegemee peke yake.

Cheri anataka GH 6 hadi 10. Ikiwa chini ya hapo, gamba linapasuka likizunguka mwili mzima badala ya kufunguka mgongoni tu, naye anashindwa kujichomoa. Huo ndio mstari mweupe. Wakubwa hufa kwanza kwa sababu gamba lao ni nene.

Maganda ya mayai hayayeyuki kwenye maji ya pH 8.4. Yatoe, yanachafua tu.

Fanya hivi kwa ndoo ya lita 20: lita 10 za bomba, lita 10 za mvua. Hapo KH inakuwa 5.5 na GH 1.5. Ongeza kloridi ya kalsiamu (ile ya kutengenezea jibini, yenye maji mawili kwenye fomula) gramu 2.1, na chumvi ya Epsom gramu 1.3. GH inafika 7. Kama mizani yako haisomi gramu ndogo, yeyusha gramu 21 za kloridi kwenye lita moja ya maji ya mvua, na gramu 13 za Epsom kwenye chupa nyingine ya lita moja. Kila ndoo inapata mililita 100 kutoka kila chupa. Usizichanganye kwenye chupa moja: zikiwa zimekolea hutengeneza jasi, utaona unga mweupe umetulia chini.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi huua kamba kwa haraka ya kurekebisha. Usibadili maji yote. Toa lita 9, rudisha lita 9 za mchanganyiko, mara mbili kwa wiki, ukizidondosha taratibu kwa saa moja au zaidi. Ndoo moja inakutosha wiki nzima. Baada ya wiki nne GH itakuwa inakaribia 6. Ukiipandisha kwa mkupuo, kamba wanalazimika kujivua kabla ya wakati na vifo vinaongezeka.

Mkaa_Moshi

Naongeza kuhusu maji ya mvua. Mabati yasiyopakwa rangi yana zinki, na zinki ni sumu kwa kamba kama ilivyo shaba. Kinga kwa turubai safi la plastiki, na uache mvua ya kwanza baada ya kiangazi ipite.

Walioko Moshi msinakili vipimo hivyo. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro mara nyingi ni mepesi, KH na GH zote ziko chini, kwa hiyo pima kwanza. Kama KH haifiki 2, gramu 0.6 za baking soda zinapandisha lita 20 kwa digrii moja. Kwetu adui mkubwa ni joto la Januari hadi Machi. Maji yakipita 28 oksijeni inapungua. Elekeza feni kwenye uso wa maji, yanashuka nyuzi 2 au 3. Yanayokauka fidia kwa maji ya mvua matupu, maana madini hayakauki.

Na dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba chenye tangi. Pampu ya hewa inaivuta moja kwa moja hadi majini.

Tangi_Njiro

Shukrani sana wakuu, naanza na ndoo hiyo. Nataka kuongeza wengine kutoka Dar kwa basi. Je, nichukue na kamba kristali nyekundu (crystal red) niwachanganye?

Fundi_MajiBaridi

Subiri GH itulie kwanza. Kristali ni karidina, jamii nyingine ya kamba, anataka KH 0 hadi 1 na pH chini ya 7, kwenye udongo maalumu unaoshusha pH. Magadi ya Arusha yanaumaliza nguvu udongo huo mapema. Huyo ni wa tangi lake mwenyewe, maji ya mvua matupu yaliyoongezwa madini.

Kwa cheri, agiza wadogo wa sentimita 1 hadi 1.5. Wanazoea maji mapya kuliko wakubwa, na hununui mzee aliyebakiza miezi michache. Omba picha ya karibu: nyuzi nyeupe puani ni vimelea, na uzi wa kijani chini ya tumbo maana yake usinunue tangi lile kabisa. Mfuko uwe na kipande cha mosi cha kushikilia, na muuzaji asiwalishe siku ya kusafiri.

Wakifika, nunua mpira wa dripu duka la dawa, uwadondoshee maji ya tangi kwenye chombo walichomo. Ule wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita; ukiweka matone 2 kwa sekunde, unapata mililita 360 kwa saa. Acha saa mbili, kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.