Hatua za Mama Anne Makinda hadi kiti cha Spika: nianzie wapi na wanafunzi?

Mwl_Uraia

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia sekondari, na mimi ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo. Wanafunzi wanaandaa Bunge lao la shule. Spika waliyemchagua ni binti wa kidato cha tatu, mpole kweli kweli, na wavulana wameshaanza kutamba kwamba watamzidi kelele. Nimeombwa niwape mada fupi juu ya Mama Anne Makinda kabla hawajaanza.

Shida ni kwamba kila ninapotafuta naishia sentensi ileile: Spika wa kwanza mwanamke Tanzania, 2010 hadi 2015. Hiyo wanayo tayari, ni swali la maksi moja. Nataka njia aliyopita, alifanya nini akishakaa pale, na kwa nini wengine wanamsifu na wengine wana kinyongo naye mpaka leo. Msinipe ushabiki wa vyama tafadhali, nasimama mbele ya watoto wa watu.

Mdau_Dom

Mwalimu, anza na tarehe 12 Novemba 2010. Kura 265 kwa 53 za Mabere Marando wa CHADEMA. Spika wa kwanza mwanamke Afrika Mashariki nzima. Hapo watapiga makofi, mada imeisha.

Bi_Mhariri

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Nimestaafu, lakini kurasa za Bunge gazetini zimepita mikononi mwangu miaka mingi, kwa hiyo vumilia, nitarefusha.

Kwanza Mdau apunguze mwendo. "Afrika Mashariki nzima" si kweli. Burundi walishakuwa na Immaculée Nahayo mwaka 2005, Rwanda wakampata Rose Mukantabana 2008. Aliyekuja nyuma ya Makinda ni Rebecca Kadaga wa Uganda, Mei 2011. Na ukitaka Mtanzania, Gertrude Mongella wa Ukerewe alichaguliwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika Machi 2004. Makinda ni wa kwanza kwa Bunge la Tanzania. Hilo peke yake linatosha, halihitaji kuongezewa chumvi.

Pili, ukianza na 2010 umewaficha watoto sehemu yenye mafunzo. Huyu mama alizaliwa 1949 na akaingia bungeni 1975. Waambie hivi: aliingia bungeni CCM ikiwa bado haijazaliwa, maana TANU na ASP ziliungana kuiunda Februari 1977. Nyerere ndiye Rais, chama ni kimoja, na ukumbi umejaa wanaume wenye umri wa baba zake. Kutoka hapo hakupanda ngazi moja iliyonyooka. Miaka ya 1980 alikuwa Waziri wa Nchi Ofisi ya Waziri Mkuu. Baadaye Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Halafu akapelekwa Songea kuwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma. Akawa mbunge wa Njombe Kusini, jimbo la kupigiwa kura na wananchi, si la kuteuliwa, na akalishika mpaka anaondoka 2015.

Sasa fika 2005, ndipo pa kukaa. Samuel Sitta anakuwa Spika, Makinda anakuwa Naibu Spika. Bunge la Tisa watu wanalikumbuka kwa Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, kamati ya Mwakyembe iliyoichunguza, na Lowassa kujiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008. Picha zote ni za Sitta. Lakini naibu ndiye anayebeba zamu ambazo mpiga picha ameshaondoka. Chukua msimu wa bajeti. Bunge linageuka Kamati ya Matumizi, aliye kitini haitwi tena Mheshimiwa Spika, anaitwa Mheshimiwa Mwenyekiti, na wizara inapitiwa fungu kwa fungu. Ikifika kwenye mshahara wa Waziri, wabunge wanasimama kama mahindi. Huyu anataka maelezo ya barabara, yule anasema asipopata jibu la kumridhisha anashika shilingi, maana yake anaomba mshahara wa Waziri upunguzwe shilingi moja ili hoja yake ijadiliwe. Aliye kitini anatakiwa ajue nani kasimama kwanza, nani anarudia la mwenzake, lipi ni suala la sera na lipi limekosea fungu, na jicho lipo kwenye saa kwa sababu muda ukiisha mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo bila maswali. Usiku wa namna hiyo hauna heshima yoyote ya nje. Ukiuharibu tu ndiyo watu wanakujua.

Kwangu mimi, hiyo miaka mitano ndiyo hatua kubwa ya maisha yake ya kazi, kuliko siku ya kura. Alipokuwa Spika, Kanuni za Bunge zilikuwa kichwani, hakuwa anasubiri Katibu wa Bunge amnong'oneze.

Kuhusu hiyo kura yenyewe usiwafiche watoto kitu. Sitta alitaka kurudi, Andrew Chenge naye alijitokeza. Kamati Kuu ya CCM ikarudisha majina matatu na yote yalikuwa ya wanawake: Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Wapo waliosema chama kimefungua mlango kwa wanawake. Wapo waliosema chama kimetumia wanawake kumfungia mlango Sitta. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hata hivyo aliyeingia alikuwa na miaka ya kazi inayojieleza.

Wakili_Kitaa

Bi Mhariri umeandika vizuri, ila umemaliza mapema. Umemfikisha kitini ukaondoka. Mwalimu ameuliza pia kwa nini wengine wana kinyongo.

Mimi nakumbuka Julai 2015. Bunge la Kumi liko ukingoni, inaletwa miswada ya mafuta na gesi kwa hati ya dharura: Petroli, usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na uwazi katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Mambo ya vizazi, yanapelekwa mbio mbio. Wapinzani walipogoma wakitaka muda zaidi, Spika aliwatoa na kuwasimamisha. Miswada ikapita. Tarehe 9 Julai Rais Kikwete akalihutubia na kulivunja Bunge. Mtu anayejua Kanuni kuliko wote ukumbini anaweza kuzitumia kulinda mjadala au kuufunga. Siku zile aliufunga. Hilo nalo ni sehemu ya rekodi yake, lisiachwe.

Bi_Mhariri

Wakili, sibishani na wewe kwenye hilo. Miswada ile ilistahili muda, na kuwaondoa wanaopinga hakuufanyi mjadala uwe mzuri. Lakini weka na upande wa pili wa mizani.

Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuwasha moto, Zitto Kabwe wa CHADEMA alikusanya saini za wabunge kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Makinda alisema hoja haiwezi kuletwa kwenye mkutano ule. Watu wakapiga kelele kwamba anamkinga Pinda. Sasa mwalimu fungua Katiba ibara ya 53A uwasomee wanafunzi: taarifa ya maandishi, saini za wabunge wasiopungua asilimia 20, na siku 14 kabla ya hoja kuletwa. Saini zilikuwepo, siku 14 hazikuwepo. Unaweza kumchukia kwa uamuzi ule, ila ibara iko hapo. Na presha haikupotea hewani: mwezi Mei Kikwete akapangua baraza la mawaziri.

Halafu Novemba 2014, kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta. Ripoti ya PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, Zitto tena ndiye mwenyekiti wa kamati. Ukumbi ulichafuka, kila upande una orodha yake ya nani awajibike na maneno gani yaandikwe. Kikao kingeweza kuvunjika wakaenda nyumbani bila kitu. Walitoka na maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu na Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Januari Muhongo naye akaachia Nishati na Madini. Aliyekuwa anaongoza Bunge lile ni huyohuyo unayemwona wa Julai 2015.

Kwa hiyo mwalimu, ukiwapa 2012, 2014 na 2015, watoto wenyewe wataamua. Mimi nina maoni yangu, kwamba alikuwa mwaminifu kwa Kanuni kuliko kwa wapinzani, na pia kwa chama chake zaidi ya nilivyopenda. Wasipewe maoni yangu kama noti za kukariri.

Kijana_Mbeya

Samahani wakubwa, naingilia. Msimsahau Dk. Tulia Ackson. Mwalimu anaweza kuwalinganisha, maana njia zao hazifanani kabisa. Tulia alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu 2015, mwaka huohuo Magufuli akamteua mbunge na Bunge likamchagua Naibu Spika. Jimbo alilipata baadaye, Mbeya Mjini 2020, akimshinda Sugu wa CHADEMA. Spika Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, tarehe 1 Februari yeye akachaguliwa Spika kwa kura 376. Oktoba 2023 huko Luanda akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika, na wagombea wenzake watatu wote walikuwa wanawake wa Afrika pia. Makinda alianzia chini kabisa akakaa miaka 30 kabla ya kuwa naibu. Huyu alianzia unaibu.

Wakili_Kitaa

Na kisheria zote ni halali. Ibara ya 84 inasema Spika anaweza kutoka miongoni mwa wabunge au kuwa mtu mwenye sifa za kuchaguliwa mbunge. Naibu ndiye lazima awe mbunge, ibara ya 85. Ndiyo maana Tulia aliteuliwa ubunge kwanza.

Mwl_Uraia

Asanteni sana, Bi Mhariri marahaba yako nimeipokea kwa heshima, umenizidi. Nimeamua hivi. Nitaanza na 1975, 2010 nitaipitia haraka, halafu nitawapa kesi ya Aprili 2012 bila kuwaambia Makinda aliamua nini. Upande mmoja utaleta saini, upande mwingine utamlinda Waziri Mkuu, na yule binti atatakiwa atoe uamuzi akiwa na ibara ya 53A mkononi. Nikipata nafasi nitagusa alichofanya baada ya kustaafu. Kamisaa wa Sensa 2022 ndiye yeye, au nachanganya?

Bi_Mhariri

Ndiye yeye. Usiku wa sensa ulikuwa kuamkia 23 Agosti 2022, hesabu ikatoka watu 61,741,120. Wanafunzi wako nao wamo humo.

Na huyo binti mpole usimfundishe kupaza sauti. Mfundishe akisimama yeye, wote wakae na kipaza sauti cha aliyekuwa anasema kizimwe. Wale wavulana wakiendelea kupiga kelele baada ya hapo, wanapiga bila maiki na Mpambe wa Bunge, yule anayewatoa wakorofi, yuko mlangoni. Mpambe mchague mrefu.