Mayai ya kambare kugeuka meupe: kosa liko wapi?

Wakuu, mayai ya kambare yakikamuliwa, yakatiwa maji kisha mbegu za dume, kesho yake mengi huwa meupe. Kwa nini?

Jibu: Maji yametangulia, mkuu! Kambare hurutubishwa nje ya mwili. Mbegu zikigusa maji huamka, na nguvu zake huisha ndani ya dakika 1 hivi. Yai nalo likilowa, kitundu cha kupitisha mbegu hujifunga. Changanya mayai na mbegu vikiwa vikavu, taratibu, kwa unyoya wa kuku. Ndipo utie maji safi.

Jibu: Bakuli lisiwe na hata tone. Dume halikamuliki, hupasuliwa. Futa damu kwenye korodani kabla ya kuzikata kutoa mbegu.

Jibu: Kwenye maji ya nyuzi 28 mayai huanguliwa baada ya saa 24 hivi. Meupe yaondoe mapema, ukungu wake huvamia mazima.