Mvukuto wa Nikon PB-4 kwenye D7200: nikague nini, na lenzi gani?

Mbawakawa_TZ
Wakuu habari. Kuna mtu anauza mvukuto (kile kikunjo juu ya reli kinachokaa kati ya kamera na lenzi ili kukuza vitu vidogo) wa Nikon PB-4 wa miaka ya 1970, na mwingine ana mvukuto wa Kirusi aina ya PZF wenye uzi wa M42 kwa bei isiyofika robo ya ule wa kwanza. Kamera ni D7200. Lengo ni vichwa vya mbawakawa na magamba ya mbawa za vipepeo, wadudu waliokwisha kaushwa, kwa ukubwa wa mara 2 hadi mara 4, yaani taswira kwenye sensa ya kamera iwe kubwa kuliko mdudu mwenyewe mara hizo. Je, PB-4 inastahili tofauti hiyo ya bei? Nikienda kuuangalia nikague nini? Na lenzi gani ya zamani isiyo ghali itafaa?

FundiReli
Mkuu, sehemu ya kitambaa haipigi picha, kazi yake ni kuziba mwanga tu. Unacholipia kwenye PB-4 ni chuma: reli, meno yake na vile vichwa viwili vinavyobeba kamera na lenzi. Kwa hiyo anza na chuma. Legeza skrubu za kukazia, tembeza kila kichwa kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Kikigoma sehemu moja na kulegea nyingine, meno yameliwa au reli imepinda, achana nao. Kikiwa kizito sawasawa mwendo wote, hiyo ni grisi iliyokauka tu, itasafishika kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha paka grisi mpya kidogo sana. Halafu kaza skrubu na ujaribu kukitikisa kichwa cha mbele kwa vidole. Kikicheza hata kidogo baada ya kukazwa, kwa ukubwa wa mara 3 utauona mchezo huo kwenye kila picha.

Kitambaa kinapimwa gizani. Ziba upande mmoja kwa kifuniko cha kamera, upande wa pili ingiza taa ndogo ya LED na uzungushie kitambaa cheusi, nyoosha mvukuto hadi mwisho, zima taa za chumba, yape macho dakika tano yazoee. Matundu karibu yote hutokea kwenye pembe za mikunjo. Vitundu vitatu vinne visikutishe, vinazibika. Kitambaa kinachopasuka kama karatasi kavu ukikinyoosha hakizibiki.

Suala la D7200: mshikio wake ni mnene na flashi ya juu imejitokeza mbele, kwa hiyo mwili wa kamera unaweza kugonga kichwa cha nyuma kabla haujaingia vizuri. Usilazimishe. Weka ringi ya kurefusha kati ya kamera na mvukuto: PK-13 ya Nikon ina mm 27.5, na ringi za kawaida zisizo na umeme zinafanya kazi hiyo hiyo. Gharama yake ni kwamba unapoteza ukubwa wa chini. PB-4 yenyewe inakwenda kutoka mm 43 hadi mm 185. Ukiongeza PK-13 unaanzia mm 70.5 na kuishia mm 212.5. Kwa mara 2 hadi 4 hupotezi kitu.

PZF nayo ni kifaa halali. Ukiichukua, tafuta adapta ya M42 kwenda Nikon ISIYO na kioo. Zile zenye kioo zimetengenezwa ili lenzi iweze kufokasi vitu vya mbali kabisa, jambo lisilokuhusu, na kile kioo kinaharibu picha bure. Ila reli yake ni nyepesi, na PB-4 ina reli ya pili chini inayosogeza mtambo mzima. Mimi ningelipa tofauti.

NuruNaKivuli
Kwenye lenzi, tafuta EL-Nikkor 50mm f/2.8, lenzi ya enlaja, ile mashine ya kuchapia picha chumba cha giza. Uzi wake ni wa M39, adapta ya kwenda Nikon ni rahisi kupatikana.

Ukubwa unakadiriwa hivi: gawa urefu ulioongezwa kwa urefu wa fokasi. Mm 150 kwa lenzi ya mm 50 ni kama mara 3. Ukitaka hesabu ya kweli, piga picha ya rula: sensa yako ina upana wa mm 23.5, hivyo zikionekana mm 8 za rula, uko mara 2.9.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi: igeuze. Ndani ya enlaja, nyuma ya lenzi hutazama negativu ndogo, mbele hutazama karatasi kubwa. Kwako mdudu ndiye kitu kidogo na sensa ndiyo kubwa, kwa hiyo ukivuka ukubwa wa mara 1, nyuma ya lenzi inatakiwa imwelekee mdudu. Unahitaji ringi ya kugeuzia BR-2A yenye uzi wa mm 52, na ringi ya kutoka mm 40.5 kwenda mm 52. Hiyo 40.5 ni ya toleo la N, ambalo ni jipya zaidi. Toleo la zamani lina uzi wa kichujio wa mm 34.5, na ringi zake ni za kutafuta kwa tochi, ndiyo maana toleo la N ni nafuu zaidi ukijumlisha vyote. Ukiamua kutoigeuza, toleo la N lina kidirisha cha kumulika namba za tundu (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, kama f/4), nacho huingiza mwanga ndani ya mvukuto. Kibandike utepe mweusi.

Tundu usilibane kupita kiasi. Kwa lenzi kama hii, f/4 kwa ukubwa wa mara 3 inakuwa sawa na f/16 kwenye sensa (zidisha kwa ukubwa ukijumlisha 1). Ukiweka f/8 unafika f/32 na picha nzima inalainika, hata fokasi ikiwa sahihi. Anza na f/4.

Kagua ukungu kwa kumulika tochi kupitia lenzi upande wa nyuma. Kwa wanaokaa Dar, Tanga au Mombasa hili si la kuruka: nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka ukingoni ni ukungu ulio hai au uliokula kioo. Nyumbani, lenzi ikae kwenye kopo lisilopitisha hewa lenye silika ya kunyonya unyevu.

KipepeoMwekundu
Naomba kupingana kidogo. Kwa mara 2, mvukuto hauhitajiki kabisa. Lenzi ya Nikkor 28mm f/2.8 ya kizamani, yenye pete ya kuzungusha tundu, ukiigeuza moja kwa moja kwenye kamera kwa BR-2A inatoa zaidi kidogo ya mara 2, bila reli wala mtikisiko. Usichukue lenzi za aina ya G: hazina pete ya tundu, na zikitoka kwenye kamera tundu linajifunga hadi mwisho, unatazama giza. Na kama siku moja utataka wadudu walio hai porini, mvukuto wowote ni mzigo tu.

FundiReli
Sawa kwa mara 2, lakini amesema hadi 4, na wadudu wake hawaruki.

Mbawakawa_TZ
Asanteni sana. Nimeupima PB-4 gizani kama mlivyosema. Reli ni safi, kitambaa kina vitundu vitano kwenye pembe. Nizibe kwa nini? Na kina cha fokasi kwa mara 3 kikoje, nipige picha ngapi za kurundika (kuunganisha picha zenye fokasi tofauti ziwe moja)?

FundiReli
Tumia utepe wa umeme wa maji, ule wa kupaka kwa brashi, mweusi. Nyoosha mvukuto wote, paka tabaka jembamba kwa brashi ndogo upande wa ndani kama unafikika, acha saa 24 ukiwa umenyooka, kisha rudia. Ukiukunja mapema mikunjo inashikana na ukiifungua inachanika. Usibandike utepe wa kawaida: ni mnene, unazuia mkunjo kujifunga, na kitambaa kinakatika pembeni yake.

NuruNaKivuli
Kwa mara 3 na f/4, kina ni kama mm 0.07, basi songa mm 0.05 kila picha. Kichwa chenye kina cha mm 3 kinataka picha 60. Nobu za PB-4 haziwezi hatua hiyo kwa mkono. Mweke mdudu juu ya meza ndogo ya maikromita. Kila mstari ni mm 0.01, unasogeza mistari mitano, na mvukuto hauguswi tena. Kazi ya kuunganisha inafanywa na Zerene Stacker au Helicon Focus.

Mwanga: kwa mara 3 unapoteza stopu 4 (kila stopu ni kupungua kwa nusu ya mwanga), na kioo cha ndani cha D7200, kile kinachorusha taswira kwenye kitazamio, kinapopanda kinatikisa mtambo. Tumia flashi mbili ukipanga nguvu mwenyewe (manual), 1/16 au 1/32, kwa sababu mmuliko wake mfupi unakamata picha kabla mtikisiko haujaonekana. Zimulike kupitia kikombe cheupe cha plastiki kilichokatwa kitako, kimzunguke mdudu, la sivyo gamba la mbawakawa litajaa madoa meupe. Subiri sekunde 5 kati ya picha ili flashi zijae sawasawa. Zikipishana nguvu, rundo linatoka na mistari.

Ukiona ukungu mweupe katikati ya kila picha hata baada ya kuziba vitundu, mwanga unaruka kwenye kuta za ndani za mvukuto. Kata kadi nyeusi yenye dirisha lililozidi sensa kidogo, iweke ndani karibu na kichwa cha nyuma. Pembe za picha zikiwa nyeusi, panua dirisha milimita moja moja.